Kinini cha Jogoo Wawili

Jambo lote lilitugharimu jogoo wawili, safari mbili za moto, yaani pikipiki, na nguo moja ya kanisani. Nimehesabu mara mbili. Jogoo mmoja bado ni deni, naye ndiye ananisumbua.

Wakati ule mama alikaa Beni, mtaa wa Beu, nami nilikuwa Butembo nikiuza vitenge. Alikuwa na kichwa cha upande mmoja, kile kinachokuja na kutapika na kuchukia mwanga. Kikimshika, alijifunga kitambaa kwenye paji la uso, akanyamazisha redio ya jirani kwa jicho tu.

Jirani yake mwingine alikuwa muforomo, yaani muuguzi, mtu wa jimbo la mbali aliyetumwa kazi Beni. Huyo alimletea kinini, kidonge cha kichwa cha namna ile. Mama akabishana bei mpaka muforomo akachoka: jogoo mmoja leo, wa pili kichwa kikipona.

Jumamosi moja mama alikuja Butembo. Kesho yake mtoto wangu wa kwanza alikuwa atolewe kanisani kubarikiwa, na mama alikuwa ameapa kumbeba mwenyewe mpaka mbele ya mchungaji. Kichwa kilianza akipanda moto. Akameza kinini, akaja.

Alifika akaketi wima kwenye mkeka. Chai akakataa, maji akakataa. Saa zikapita, kichwa kikazidi. Mke wangu akaninong'oneza kwamba mama hajaenda chooni tangu afike. Nikamuuliza.

“Muforomo alisema ile dawa inatokaka mu mikojo,” akajibu, macho yamefungwa. “Niende kuitupa mu choo? Dawa ya jogoo mbili?”

Nikampigia muforomo, nikaweka sauti kubwa ili mama asikie. Nilipomweleza, kwanza alicheka.

“Papa, camion, lori ya makayabo, ile samaki ya chumvi, toka Beni mpaka Butembo, inapita bariere ngapi za barabara?”

“Mingi.”

“Na kila bariere inakamata yake. Sasa, kinini inatoka mu tumbo, inafika kwa ini. Ini njo bariere ya kwanza, inakamata mingi kabla damu ionje. Ile inabakia inapanda mu kichwa, inatumika. Kisha ini inaivunja, figo inafagia. Ile iko mu mikojo ni camion yenye kurudia tupu, mama. Hata ukiifunga, haina muzigo.”

“Inaisha kwa saa ngapi?” nikauliza.

“Kila saa mbili hivi, nusu inapunguka. Kisha nusu ya ile nusu.”

Hapo nilielewa bila shule. Mwili unabishana bei kama mama: nusu, halafu nusu ya nusu, mpaka muuzaji afunge mizigo.

“Na mbona haijamusaidia?”

“Kichwa ya vile inalalisha tumbo, dawa inakawia kuingia. Anywe maji, akojoe, alale mu giza. Na hapana kumupa kinini ya pili kama ya kwanza haijafanya kitu.”

Mama akafungua jicho moja. “Kumbe ini yangu ilikula mbele yangu?”

“Ndiyo, mama,” akajibu muforomo.

“Basi ini njo ilipe jogoo ya pili.”

Akajifunga kitenge, akaenda alikopaswa kwenda. Akanywa maji, akalala. Jioni alitoka chumbani akiuliza tumepika nini.

Jumapili alimbeba mtoto. Mbele ya mchungaji mtoto hakuzuia chochote, nguo ya mama ikalowa mpaka magotini. Mama akamwinamia mtoto: “Huyu, dawa yake ilishamaliza kazi.”

Jogoo wa pili hakumlipa. Alisema kichwa hakijapona, kimepumzika tu. Baadaye muforomo akahamishwa, wengine husema Oicha, wengine mbali zaidi. Mama naye ametuacha, na kichwa chake nimekirithi mimi, upande uleule wa kushoto. Nikimeza kinini, nakunywa maji, na chooni naenda bila kubishana.

Uani nina jogoo mwekundu, mnene. Mwenye kujua muforomo yule yuko wapi aniambie. Na anishauri pia: baada ya miaka hii yote nimpelekee jogoo mzima, au naye amekwisha kupunguka nusu, na nusu ya nusu?