Kisanduku Kilichonukia Iliki

Kwetu Mombasa chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea bakuli la biriani, bakuli linarudi na maembe, au mahamri, hata sukari kidogo kama hali ni ngumu. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nimelikuta tu, kama nilivyoikuta pua yangu usoni.

Maabara ninayofanya kazi hapa Stockholm inatazamana na kliniki ya wanaotafuta watoto. Kazi yetu huanza na yai la mwanamke. Tunatoa kiini chake, tunatia kiini cha seli ya ngozi ya mgonjwa, kisha tunangoja kuona kama litaanza kugawanyika. Likikua siku chache tu, tunaweza kupata humo seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za kiungo chochote, zinazolingana na mgonjwa yule, ambazo huenda siku moja zikamtibu. Mara nyingi halifiki popote. Na mayai yenyewe hayauzwi dukani: ni ya wanawake wanaotibiwa pale kliniki, na ni wachache wanaokubali kutugawia. Majina yao hatuambiwi.

Siku moja mayai yalikuja kwenye kisanduku chenye joto. Nilipotumwa kukirudisha, mkono ulikataa. Mwanamke amejidunga sindano kila siku akitafuta mtoto, bado akatukumbuka sisi, nami nimrudishie plastiki tupu? Nilikuwa na mahamri ya chakula changu cha mchana. Nikayafunga vizuri kwenye mfuko, nikayatia ndani, nikavuka barabara.

Bosi wangu ni Mswidi mpole kupindukia, lakini kliniki ilipompigia simu siku hiyo alifoka. Mayai yanaweza kudhurika hata kwa harufu ya manukato, alisema, na mimi nimetia iliki! Alikuwa na haki, nami nilijua vizuri, ndiyo maana ilinichoma zaidi. Kisanduku kilitupwa. Kliniki ikaacha kutuletea mayai, na bila mayai hapakuwa na kazi, kwangu wala kwa wenzangu. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Tumba nililia waziwazi. Waswidi, Mungu awabariki, wakageukia madirishani.

Wiki zikapita tukisafisha mashine zilizokuwa safi. Halafu asubuhi moja muuguzi wa kliniki akaja mwenyewe, kisanduku kipya mkononi. Nilisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Chakula humu ni marufuku," alisema.

"Naelewa. Samahani sana."

"Wakubwa wamekubali tuendelee. Lakini si hilo lililonileta." Alishusha sauti. "Yule mwanamke wa siku ile alirudi kwa matibabu leo. Safari hii alikuwa amekataa kutoa chochote. Nikamsimulia kisa cha mahamri, ili tu acheke, maana amepitia mengi."

"Akacheka?"

"Alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu akasema mayai mawili nikuletee wewe."

Nilitaka kumwuliza mwanamke huyo anaitwa nani, anakaa wapi, kama ana mtu wa kumpikia uji akifika nyumbani. Nilijua hataruhusiwa kunijibu.

"Ameniomba nikwambie," muuguzi akaendelea, "kwamba siku zote alidhani mayai yanayotolewa yanaishia kwenye ndoo ya taka. Hakujua kuna mtu upande huu anayeyapokea."

Nikakipokea kisanduku kwa mikono miwili.