Kitufe Kipo, Mzigo Haupo

Murielle alikuwa mwanamke wa kupanga. Wako watu wakishikwa na hofu hula, wengine hulala, wengine hutafuta wa kugombana naye. Yeye hofu ikimshika hupanga vitu. Kwenye chumba chake cha kusukia nywele pale Hillbrow, vitana vilikaa kwa ukubwa, rasta zilikaa kwa rangi, na ole wake mteja aliyerudisha kitana pasipo pake. Na kwa kuwa alikuwa ameishi Johannesburg miaka kumi na minane, mji ambao hofu haikosi kazi, vitu vyake vilikuwa vimepangika sana.

Hata flashi yake aliipanga. Kompyuta hakuwa nayo, lakini flashi alikuwa nayo, nyekundu, akiivaa shingoni kwa kamba ndani ya blauzi. Humo mlikuwa na programu moja ya menyu. Ukiichomeka flashi kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, ya mtu yeyote, huhitaji kuweka kitu wala kuomba ruhusa: unaibonyeza, menyu inajitokeza pembeni mwa kioo na programu zako zote zimo, zinafanya kazi kutoka kwenye flashi yenyewe. Ukimaliza unachomoa, unakwenda zako na ofisi yako kifuani. Kwa mtu anayetegemea kompyuta za watu, hiyo ni neema.

Menyu hiyo alikuwa ameirekebisha mwezi mmoja uliopita, nyumbani kwa rafiki yake Angélique kule Troyeville, kwenye kompyuta ya Angélique ya kupakata. Ilikuwa Jumapili nzuri. Wote wawili ni wa Bukavu, wamejuana tangu Murielle alipokuwa na mimba, na siku hiyo walikaa toka misa hadi jioni wakibishana rangi. Waliibadilisha menyu kutoka kijivu kuwa kijani. Wakayaficha yale mazagazaga ambayo Murielle hakuwahi kuyafungua. Wakavikuza vitufe kwa sababu ya macho yake, na kila kimoja wakakipa jina linaloeleweka: Barua. Mitindo ya Nywele. Hesabu. Na juu kabisa, pa heshima, Karatasi za Gaël.

Gaël ndiye mwanawe wa pekee, ana miaka kumi na saba. Karatasi zake Murielle alizipiga picha kwa simu, wakazihamishia kwenye kompyuta, wakazitia kwenye folda, wakaunda kitufe. Murielle alikibonyeza mara tano. Mara zote tano kilifungua. Alilala usingizi mtamu siku hiyo, jambo ambalo si kawaida yake.

Wiki moja baadaye mama yake Angélique akafariki Bukavu. Angélique hakuweza kusafiri. Mazishi aliyatazama kwenye simu, na matanga yakawekwa Troyeville, siku tatu, godoro chini, watu wakiingia na kutoka. Murielle hakwenda. Jumamosi ilikuwa mwisho wa mwezi na alikuwa na vichwa sita vya harusi. Alituma ujumbe wa sauti wenye maneno mazuri, akasema ataenda Jumapili. Jumapili akaona haya kwa sababu ya Jumamosi. Jumatatu akaona haya kwa sababu ya Jumapili. Tangu hapo, wiki ya tatu sasa, akimwona Angélique kwa mbali hubadili upande wa barabara. Nami nasema wazi, hilo halikuwa jambo dogo. Kwa watu wa kwao, harusi unaweza kuikosa ukatoa sababu, lakini matanga hayana sababu. Mfiwa hakuulizi kitu. Anahesabu nyuso tu.

Basi Murielle akawa anaishi na aibu hiyo kama mtu anayetembea na msumari kiatuni, na juu yake ukaja mkosi wa pili: mkoba wake ulinyakuliwa kwenye kituo cha taksi cha Noord, na ndani yake simu pamoja na cheti cha kuzaliwa cha Gaël, cha asili. Alilia, akanunua simu nyingine ya mkono wa pili, akajishika kifua. Flashi ipo. Karatasi zipo.

Siku ya Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, chuo cha ufundi wa umeme kikamwandikia. Gaël amepata nafasi. Wanachohitaji ni nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, ipakiwe kwenye tovuti kabla ya saa sita mchana leo, la sivyo nafasi itakwenda kwa anayefuata.

Alimwacha mteja na nusu kichwa.

"Dada yangu narudi sasa hivi, usijitazame kwenye kioo," alimwambia, akavuka barabara hadi kwa Nassir.

Nassir alikuwa mtu wa Tanga, mwenye duka la kompyuta sita na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa. Alimpa kompyuta ya kwanza mlangoni. Murielle akachomeka flashi, akaibonyeza, menyu ya kijani ikajitokeza, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akabonyeza Karatasi za Gaël.

Kikatoka kidirisha kidogo cha kusema kwamba kilichotafutwa hakipo.

Akabonyeza tena. Akachomoa, akapuliza flashi, akachomeka, akabonyeza.

"Kaka Nassir. Kuya uone hii kitu."

Nassir alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, akabonyeza kitufe kwa upande wa kulia, akasoma mstari mrefu uliotokea. Kisha akaweka kikombe chini, na hapo Murielle akajua kwamba ni mbaya.

"Mama Gaël, hiki kitufe ulikitengenezea wapi?"

"Kwa Angélique. Kwa kompyuta yake."

"Basi ndiyo hivyo. Tazama hapa, kinaelekeza huko huko. Diski ya kompyuta yake, jina lake, kwenye kioo chake cha mbele. Zile programu nyingine ziko kwenye flashi, ndiyo maana zinafunguka. Folda hii hamkuinakili. Mmeweka njia ya kuiendea tu. Kitufe kipo, mzigo haupo."

"Lakini nilikijaribu mara tano!"

"Ulikijaribu kule kule kwenye mzigo. Kitakosaje kufunguka?" Aliona uso wake, akapunguza sauti. "Pole, dada. Hata mimi niliwahi. Mpigie mwenzio akutumie, dakika mbili tu, mambo sharp."

Dakika mbili! Laiti Nassir angejua. Murielle alitoa simu, akalitazama jina la Angélique, akaliona refu kama barabara ya kwenda Pretoria. Utamwambiaje mtu ambaye hukumlilia mama yake, kwamba tafadhali nitumie faili? Hata hivyo alipiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii ilikatwa baada ya mlio mmoja.

Saa tano kasoro dakika tatu.

"Eish," alisema Nassir. "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nenda mwenyewe." Akamwitia gari kwa simu yake, na hakutaka kusikia habari ya nauli.

Gari lilikawia kufika, na likakuta robot, zile taa za barabarani, zote nyekundu, kama zimeambizana. Murielle alikuwa nyuma akijipangia maneno. Kwanza nitasema pole, halafu nitasema samahani, halafu cheti. Hapana, kwanza cheti kwa sababu ya saa, halafu pole. Hapana. Aliyapanga, akayapangua, na hata alipokuwa akipanda ngazi za ghorofa ya Angélique maneno yalikuwa bado hayajakaa mahali pake.

Saa tano na dakika ishirini na nane akagonga.

Angélique alifungua. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, amekonda, nywele zake hazijasukwa. Kwa msusi, hilo peke yake lilitosha kuwa kofi. Walitazamana.

"Umekuya," alisema Angélique.

Murielle akafungua kinywa, na yale maneno yote hayakuja. Kilichokuja ni kilio. Alilia pale mlangoni kwa sauti, kama inavyotakiwa, ila hakulia kwa sababu inatakiwa. Alilia kwa ajili ya yule bibi aliyekuwa akimsalimu kwenye simu kila Krismasi, na kwa Gaël, na kwa hofu. Angélique naye akaangua. Akamkumbatia, akamvuta ndani, akamketisha chini kwenye mkeka.

"Nilijua utakuya," alisema akijifuta. "Watu walisema, huyu Murielle si mutu. Nikawaambia, atakuya. Ile simu ya leo nilikata juu ya hasira tu. Sikia, nikuelezee vile mama aliondoka. Sijapata hata mutu wa kumuelezea muzuri."

Akaanza kueleza. Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na saa.

Ni aibu kusimulia, lakini Murielle alisikiliza kwa sikio moja. Mama aliamka vizuri, aliomba uji. Saa tano na thelathini na tano. Aliuliza watoto wako wapi. Thelathini na tisa. Kila mara Murielle alijiambia, akinyamaza tu nitasema, na Angélique hakunyamaza. Alikuwa amenyamaza wiki tatu. Alitazama mikono ya rafiki yake iliyoshika mikono yake, akauona moyoni uso wa Gaël, na saa ilipofika tano na arobaini na nne akaikatiza hadithi ya kifo cha mama wa mtu, katikati.

"Dada. Kompyuta yako iko wapi?"

Angélique hakuelewa mara moja. Murielle akasema yote kwa pumzi moja: chuo, cheti, kitufe, mteja aliyemwacha kitini, saa sita. Akiwa anasema aliiona ile mikono ikijiondoa polepole kwenye yake.

Angélique aliinuka, akaleta kompyuta, akaichomeka umeme, akaiwasha. Ikaanza kujisasisha. Asilimia nne. Asilimia kumi na moja. Tafadhali usizime. Wanawake wawili walikaa bega kwa bega wakitazama namba zinapanda, na hakuna aliyesema. Murielle angependa atukanwe.

Saa sita kasoro dakika saba kioo kikafunguka, na folda ilikuwa pale pale, mbele kabisa, haijaguswa. Angélique mwenyewe ndiye aliyefungua tovuti, maana vidole vya Murielle vilikuwa vinagonga herufi mbili mbili. Aliandika jina la mtoto, akapakia cheti, akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka. Saa sita kasoro dakika mbili ikatokea alama ya kijani: imepokelewa.

Murielle alijiinamia, akapumua kwa mara ya kwanza tangu ujumbe wa chuo ufike.

Angélique aliinakili folda kwenye flashi, ndani hasa safari hii, akaichomoa na kumwekea kiganjani. Akaifunga kompyuta, akainuka nayo.

"Nafurahi kwa Gaël. Ni mutoto wangu pia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulikata kuliko matusi. "Haya, umepata. Enda, dada. Uko na mutu kwa kiti."

Ni kweli, mtu alikuwa kwenye kiti, na nusu kichwa. Mlango ulikuwa wazi. Murielle aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akashika kitasa, na angeweza kabisa kwenda. Badala yake aliufunga kwa ndani. Akavua viatu, akavua aproni yake ya kazi yenye vipande vya rasta, akarudi kukaa chini mahali pale pale.

"Sikukuya juu ya mama," alisema. "Nilikuya juu ya karatasi. Sitakudanganya. Lakini karatasi imekwisha, na mimi nimebaki."

Angélique alimtazama kutoka juu, akitafuta kama kuna kitu kingine anachotaka. Simu ya Murielle ikaita mara mbili ndani ya aproni, hakuigeukia.

"Alipoomba uji," Murielle akasema, "ni nani alikuwa naye?"

Angélique akaweka kompyuta chini, akakaa tena kwenye mkeka.