Miami Haijatajwa Redioni

Saa moja asubuhi ukungu bado umeshika vilima vya Nyabiondo, mashariki mwa Kongo. Grégoire, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, amesimama juu ya gogo lililoinuliwa kwenye jukwaa la miti. Anavuta msumeno juu. Chini yake mwenzake Archange anauvuta chini, vumbi la mbao likimwangukia usoni.

"Chicago, vuta! Ao na wewe wamekufungia?" Archange anamtania.

Grégoire hacheki. Mkono wake wa kushoto haunyooki tangu mwanzo wa mwezi huu wa Novemba 2011. Zamani alipasua mbao kumi na mbili kwa siku. Sasa zikifika tano anashukuru.

Jina la Chicago alipewa na Kanyamibwa, mwenzake wa msumeno kwa miaka tisa. Walijifunza mpira wa kikapu kwenye uwanja wa parokia, kisha wakaifuata ligi ya kulipwa ya Marekani kwa redio. Grégoire alikuwa shabiki wa Chicago, Kanyamibwa wa Miami. Vita vilipowatenganisha, Kanyamibwa alikimbilia upande wa Kalembe, eneo linaloshikwa na wapiganaji walio maadui wa wale wa Nyabiondo. Waliendelea kupigiana simu.

"Mambo ya vita hatukugusa," anasema Grégoire. "Tuliongea basketi tu. Njo kitu ilibakia ya sisi wawili."

Msimu huu ligi haikuanza. Tangu Julai wenye timu wamewafungia wachezaji milango, wakigombania namna ya kugawana mapato. Majirani wanaiita grève, yaani mgomo, kama ule wa walimu. Grégoire huwasahihisha: "Walimu njo wanafanya grève. Hawa wanataka kazi, ni mabwana wamefunga."

Novemba mosi, siku ambayo mechi zilipaswa kuanza, alipanda kilima penye mtandao akampigia rafiki yake. "Miami hawatoki leo," alimwambia. "Mabwana wamefunga. Tungoje."

Nyuma yake alikuwa amekaa mpiganaji wa kizuizi cha njiani, naye akitafuta mtandao. Simu ikachukuliwa, na Grégoire akapelekwa kwa kamanda kama mpelelezi wa adui. Namba ya Kanyamibwa ilikuwa imeandikwa "Miami".

"Miami ni nani? Hawatoki wapi?" kamanda aliuliza.

"Afande, Miami iko muji ya Amerika."

"Kumbe! Na muji ya Amerika unaipigia telefone kule Kalembe?"

Wapiganaji wakaangua kicheko. Grégoire akaomba wasikilize redio, kwa kuwa mwaka mwingine wowote habari za michezo zingemwokoa. Asubuhi iliyofuata walizisikiliza pamoja hadi mwisho: kandanda, tenisi, baiskeli. Kikapu hakikutajwa.

Alikaa siku tatu ndani ya shimo. "Walinipiga na kitako ya bunduki," anasema, akiushika mkono. "Kila mara wanauliza: Miami watatoka siku gani? Na miye sikujua. Hata wao kule Amerika hawakujua."

Aliyemtoa ni Léopold, katekista wa kijiji, aliyeapa mbele ya kamanda kwamba mchezo huo upo. Kamanda alikubali kwa sharti moja: mpaka Noeli redio iwe imetaja mechi ya Miami. Isipotaja, wote wawili watajibu.

Wengi wamemshauri Grégoire akimbilie mbali, hadi Hombo. Anakataa. "Nikikimbia, Léopold njo ataingia mu shimo."

Anastasie, mkewe, kwa miaka kumi na sita aliuita kikapu mchezo wa wanaume warefu wasio na shamba. Sasa ndiye anayeanika betri juani na kuiwasha redio. Kifaransa cha redio anakielewa kidogo, lakini kuna neno moja analolisubiri. Wiki hii alielewa vya kutosha: wachezaji wamelikataa pendekezo la wenye timu, na mechi nyingine zimefutwa.

"Wamekataa, Papa," alimwambia mumewe, akaizima redio kutunza betri.

Grégoire hawalaumu wachezaji. Anasema angekuwa mmoja wao, pengine naye angekataa. Lakini kila siku anahesabu siku zilizobaki kabla ya Noeli, na kila jioni anamwombea Léopold.

"Miaka yote nilitaka Chicago ichukue kombe," anasema, akiupaka msumeno mafuta ya mawese. "Sasa nataka wacheze tu. Hata Miami iipige Chicago pointi makumi tano, haina neno. Ila redio iseme kwa sauti, afande asikie."