Mkono wa Mama Chini ya Pazia

Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto hutoa mvuke wenye harufu tamu, kama viazi vinavyokaribia kuiva, kisha hulainika na kung'aa. Harufu hiyo ilijaa nyumbani kwetu, juu kidogo ya Nyamache, msimu mzima wa mvua ndefu baada ya Mama kurudishwa kutoka hospitali. Madaktari walikuwa wamesema hawana la kuongeza. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho na alikuja mara mojamoja. Waliomtunza Mama walikuwa wanawake watatu wa kanisa letu la Sabato, waliozunguka nyumba za wagonjwa wasiotarajiwa kupona, bila malipo na bila kuitwa. Walimwosha, wakamgeuza, wakamtandikia majani yaliyolainishwa ili unyevu usifike kwenye godoro la nyasi. Kazi yangu ilikuwa kukata majani hayo. Nilichagua yasiyopasuliwa na upepo, nikayafuta pande zote mbili, na lenye doa nikalitupa. Wanawake walinisifu. Hawakujua kwamba nilijitahidi hivyo kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumkaribia.

Nilikuwa nimetahiriwa Desemba iliyotangulia. Kwetu Gusii, mvulana akishatahiriwa huhamia kibanda cha wavulana, na haingii tena chumba cha ndani anamolala mamake. Mambo hayo tunayaita chinsoni, na ndani yake mna aibu na heshima pamoja. Wenzangu waliyashika kama watoto wanavyoshika lolote: leo wanakumbuka, kesho njaa inawasahaulisha. Mimi niliyashika kwa wasiwasi. Nilikohoa kabla ya kuvuka kizingiti cha nje. Sikuthubutu kuchukua jembe lililoegemezwa karibu na shuka kuukuu lililokuwa pazia kati ya vyumba viwili. Nikiona kivuli changu kimeingia upande wa ndani, nilirudi nyuma. Dada yangu Nyaboke, ambaye hakuwa ameanza shule, aliingia na kutoka apendavyo, akiniletea habari: Mama amekunywa uji, Mama amecheka, Mama ameuliza kama umekula. Nilimwonea wivu, hata siku moja nikamfinya bila sababu.

Mkubwa wa wale wanawake aliitwa Bosibori. Alikuwa ndugu wa nyanya yangu, kwa hiyo naye nilimwita Magokoro, yaani nyanya. Kati ya nyanya na mjukuu hakuna aibu, na yeye alinitania mbele ya kila mtu. "Mume wangu," alisema akipokea mzigo wangu, "wenzako huwaletea wake zao sukari. Mimi kila siku ni majani tu?" Ni yeye aliyetambua jinsi nilivyoizunguka ile nyumba bila kuingia. Jumatano moja aliwaambia wenzake wamtoe Mama, akae chumba cha nje, ambamo hata mwana aliyetahiriwa anaruhusiwa kuketi. Walikibeba kitanda kizima cha miti, wakakiinamisha mlangoni huku Mama akishikilia ukingo na kucheka kwa pumzi fupifupi.

"Haya," Magokoro aliniambia. "Huku ni kwa kila mtu. Kaa."

Nilikaa nikitazama ukuta. Mama aliniuliza kuhusu shamba la wimbi, kama magugu yameota sana. Niliujibu ukuta. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe, blanketi likateleza, nikauona mguu wake, umevimba hadi ngozi ikakaza. Hakuwa uchi. Ulikuwa mguu tu. Lakini nilitoka mbio nikajificha migombani mpaka walipokirudisha kitanda ndani. Tangu siku hiyo Mama alikataa kutolewa. Nyaboke ndiye aliyeniletea maneno yake: "Mama amesema wasikusumbue. Wewe sasa ni mwanamume."

Mvua zilipokuwa zinapungua, Magokoro alikuja kibandani kwangu mchana, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Mamako anakuita. Njoo usimame upande wako." Nilisimama chumba cha nje, mbele ya pazia. Hakuna aliyelifunua. Nilisema nimefika. Chini ya lile shuka ukatoka mkono wa Mama, na nyuma yake niliona vidole vya Magokoro vimekishikilia kiwiko ili usichoke. Niliutazama. Kisha nikauliza, na hadi leo natamani ningekuwa bubu saa ile, "Magokoro, inaruhusiwa?"

"Mkono huu ndio uliokulisha," alijibu. "Umeuona shambani siku zote. Shika."

Niliushika. Ulikuwa mkavu, mwepesi, na wenye joto kuliko nilivyotarajia. Mama alipapasa kidole changu mpaka akapata kovu la pale nilipojikata kwa panga nikimtafutia majani, akalipitia kwa kidole chake, polepole, akarudia. Nadhani nilikuwa nimeanza kupumua vizuri niliposikia sauti uani. Alikuwa Ogeto, tuliyetahiriwa naye pamoja, na wavulana wengine, wamekuja kuniita mtoni. Ogeto alikuwa na ulimi mbaya. Aliyelia, aliyeogopa, aliyeonekana karibu na mamake, alimwita omoisia, jina la mvulana ambaye bado hajatahiriwa, na jina hilo liliweza kumfuata mtu hadi shuleni.

Niliuachia ule mkono, nikasogea mlangoni. Ulibaki pale ulipokuwa, vidole vikiwa wazi.

"Amekwenda?" Mama aliuliza.

"Yuko mlangoni," Magokoro akasema.

"Mwache. Ana wageni."

Ogeto alichungulia ndani. "Wewe, unafanya nini huko na wanawake?"

"Natafuta panga," nikasema, nikatoka naye.

Mama alikufa kabla ya Sabato ya wiki ile. Mkono haukutolewa tena chini ya pazia, wala mimi sikwenda kuuomba.

Baada ya mazishi wale wanawake hawakuacha kuja. Walipalilia wimbi letu, wakamsuka Nyaboke, wakaketi nasi bila kutulazimisha kuzungumza. Wawili kati yao waliwaambia majirani kwamba hajapata kuonekana mtoto aliyemtunza mamake kwa usafi kama mimi, na kila waliposema hivyo nilitamani ardhi inimeze. Nilingoja Magokoro awasahihishe. Hakufanya hivyo. Siku moja nilijikaza nikaanza, "Magokoro, siku ile nilipo..." Akanisukumia sahani. "Mume wangu, kula kwanza." Nilikula, na nilipomaliza ujasiri ulikuwa umekwisha, nikamwacha aende.

Sasa nauza nguo dukani mjini Kisii, na chumba ninachopanga hakina ndani wala nje. Mambo yamelegea. Juzi nilikwenda hospitali kumwona jamaa yangu, nikamkuta kijana wa rika langu akimchana mamake nywele katikati ya wodi, watu wakipita, na mama mwenyewe amefumba macho kwa raha. Mashavu yaliniwaka. Nilidhani naona aibu kwa niaba yake, kumbe ulikuwa wivu. Huko kwetu, wanawake wa kuzunguka kwa wagonjwa wamebaki wachache. Wengi siku hizi hupeleka mkate na sukari, huomba, kisha hutazama mlango. Desturi zetu sizilaumu. Magokoro amezishika maisha yake yote, na bado alipata mahali pa kupitishia mkono.

Yeye mwenyewe sasa hainuki. Kila Jumapili napanda Nyamache kumwona, na kwa kuwa mimi ni mjukuu, hakuna kinachonizuia. Namgeuza, namkata kucha, namwosha miguu, nafuta hadi katikati ya vidole. Nafanya vizuri, mke wa mwanawe husema hajui wangefanyaje bila mimi. Ni kazi rahisi sana, na urahisi huo ndio unaonifanya nishindwe kumtazama usoni. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeushika mguu wake aliposema, amefumba macho, "Mume wangu, unakuja kwangu au kwa mamako?"

Nilikamua kitambaa mpaka hakikubaki na tone. Magokoro akautoa mguu wa pili chini ya blanketi, akanipa.