Jinsi Nilivyomfundisha Mwanangu Kutazama

Siku hizi kuna neno. Usonji. Linatajwa redioni, na akina mama vijana hunijia hapa Mjambere kuniuliza mimi nilifanyaje na wangu, kana kwamba mimi ni mtu wa kuigwa. Huwapa chai, huwaambia waende hospitali mapema, na huwasindikiza mpaka mlangoni. Ukweli sijawaambia. Ukweli wangu una hasira nyingi na wao wana zao za kutosha.

Miaka ya themanini, mwanangu alipokuwa mdogo, neno hatukuwa nalo. Majina tulikuwa nayo. Watoto wa mtaani walimwita bubu. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, ambaye tuliishi naye nyumba moja, alimwita mtihani, tena mbele yangu, huku nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa na miaka mitano na hakuwa amesema neno. Ukimwita hageuki. Ukimkataza kitu hujitupa chini na kupiga kipaji cha uso sakafuni mpaka kivimbe, au hujiuma kifundo cha mkono, na akijiuma hujiuma kweli. Siku moja aliingia duka la jirani akamwaga gunia la unga, kisha akaukalia kwa raha zake. Niliufagia mimi, mwenye duka akiwa amenisimamia kichwani akinieleza namna ya kulea.

Shauri likakatwa bila mimi. Mtoto apelekwe shamba, huko mbele ya Mtwapa, kwa shangazi yake mume wangu, mjane aliyekaa peke yake na mihogo yake. Nilijua maana yake. Mtoto wa kupelekwa shamba alikuwa mtoto aliyekwisha kufutwa. Palikuwa na nyumba si mbali na kwetu ambako mtoto wa namna yake alifungwa kamba mguuni kutwa nzima, na wageni wakiingia na kutoka walimruka tu. Nikalia, nikagoma kupika, nikamwambia mume wangu kwamba akimpeleka huko atanipeleka na mimi. Yeye alikuwa mpole, kazi yake bandarini, na hapa duniani aliogopa kitu kimoja tu, mama yake. Mwisho akaniletea jibu lake huyo mama: mtoto akikubaliwa chuoni kwa maalim, kusoma Kurani, atabaki. Mtoto anayesoma chuoni ni mtoto kama watoto wengine. Nikapewa muda mpaka Maulidi yapite.

Ndipo nikaambiwa habari za bibi mmoja aliyekuwa akifundisha watoto wasiosema, katika chumba nyuma ya zahanati. Alikuwa mtu wa bara, amesomea ng'ambo miezi michache na kurudi na kitabu kinene, na alitaka aitwe Mwalimu. Nguo zake zilipigwa pasi hata siku za mvua. Siku ya kwanza alimtazama mwanangu akizunguka chumba, akaandika, akaniambia mtoto hawezi kufundishwa chochote mpaka ajue kumtazama mtu machoni. Hilo ndilo lengo la kwanza. Nilimwamini. Ningemwamini mtu yeyote aliyetumia neno kufundishwa kwa mwanangu.

Akanionyesha. Viti viwili vinaelekezana, goti kwa goti, miguu ya mtoto nimeibana katikati ya miguu yangu asiweze kuondoka. Mikono yake juu ya mapaja. Niseme, "Nitazame." Kipande cha kashata, si zaidi ya ukucha, nikishike karibu na jicho langu. Akinitazama, hata kwa bahati, nimtie kinywani upesi na kumwambia vizuri. Asiponitazama, nimshike kidevu nimgeuze. Akitupa kichwa au akijiuma, niseme hapana kwa sauti ya kumshtua na nimpige kofi la paja, kisha tuanze upya. Na asubuhi asinywe chai wala asile kitu mpaka somo liishe, ili kashata iwe na thamani kwake.

Niliyafanya yote. Nasema hivi ili nisije nikaonekana nilisimama kando nikitazama. Asubuhi moja wake za shemeji zangu walikuwa wakikaanga mahamri uani, mwanangu akanusa harufu akaenda mlangoni, na mimi nikamrudisha kitini. Akanyoosha mkono kuelekea mlango. Alikuwa hajawahi kunyoosha mkono kuonyesha kitu maishani mwake, na siku alipoonyesha, nikamshusha mkono nikauweka juu ya paja kwa sababu kitabu kilitaka mikono iwe mapajani. Mwalimu alikuwa na karatasi ukutani ya kutia alama, na mimi nilikuwa na yangu nyumbani. Nilijiona mwanafunzi hodari. Nikimkumbuka yule mwanamke kijana niliyekuwa, na karatasi yake, natamani kumzaba kibao.

Ubaya ni kwamba ilifaulu. Baada ya wiki kadhaa mwanangu alianza kunitazama. Mwanzo aliitazama kashata, kisha jicho lililo karibu nayo, kisha hata kashata nikiificha mgongoni alinitazama. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake kwa kutulia vile. Nilimwita mume wangu aje aone, na yeye akachuchumaa kando ya kiti, akafuta uso kwa kiganja na kutoka nje. Hata mavyaa alipunguza maneno. Mtoto alijua kukaa, alijua kungoja, na mtu mzima akimkabili aliinua uso na kumkazia macho, kinywa wazi kidogo, mpaka apewe chake. Nilidhani tumeokoka.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa, na labda ndiyo maana hakuna aliyelisema. Mtoto wa pwani hamkazii mtu mzima macho. Akiitwa huitika labeka, huja, hushika mkono na kuubusu, na muda wote huo macho yake yako chini. Hivyo ndivyo nilivyolelewa mimi, na ndugu zangu, na watoto wote wa ile nyumba. Kumtazama mkubwa usoni bila kupepesa ni kumwambia kwamba humwoni kitu. Nilikuwa nikilijua hilo kabla sijajua kufunga kiatu. Na nilikaa miezi mizima nikimfunza mwanangu kinyume chake, kwa njaa na makofi, bila kuliwaza hata mara moja. Nilikuwa naona kitabu tu.

Asubuhi ya kujaribiwa nilimwogesha, nikamvika kanzu na kofia, tukaenda chuoni mimi na mavyaa. Sikumpa chai. Nilitaka awe tayari. Maalim alikuwa mzee wa taratibu, jamaa wa mavyaa wangu, na alikuwa amekwisha kusema hataki makubwa: mtoto aweze kukaa mkekani bila kuwasumbua wenzake, na aje akiitwa. Sisi wanawake tukasimama mlangoni. Mwanangu akakaa. Watoto wakisoma kwa sauti pande zote, yeye alikaa mikono mapajani, na mavyaa akanibana kidole kwa furaha. Maalim alipokwisha kuwasikiliza wakubwa, akamwita kwa mkono. Mwanangu akainuka, akaenda, akasimama mbele yake. Kisha akainua uso na kumkazia macho.

Maalim akamwambia kwa upole, "Inamisha macho, baba." Hakuinamisha. Akaambiwa tena. Akasogea karibu zaidi, akafungua kinywa. Watoto wakaacha kusoma. Mmoja akacheka, halafu wengi. Maalim hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu mzima mbele ya darasa zima, na mtoto wa miaka mitano alikuwa amemtolea macho kama mtu anayedai haki yake. Akatugeukia sisi.

"Nani aliyemfunza mwana huyu kutazama watu hivi?"

Mavyaa akanitazama mimi. Na mimi sikusema ni mimi. Niliingia ndani, mahali ambapo mwanamke haingii watoto wakisoma, nikasema hapana kwa ile sauti ya kushtua, na nikampiga kofi la paja. Mwanangu akanigeukia. Kwa jinsi alivyofunzwa, baada ya hapana jambo la kufanya ni kutazama, basi akanitazama. Alinitazama vizuri kuliko siku zote. Nikampiga tena. Akazidi kutazama, machozi yakimtoka, hakupepesa, alikuwa akijitahidi kufanya kile nilichomfundisha na hakuelewa kwa nini leo hakitoshi. Nikampiga mpaka maalim akaja mwenyewe akanishika mkono.

"Muache mwana," aliniambia. "Hana kosa."

Maalim alisema ajaribiwe tena mwakani. Lakini mavyaa hakuhitaji mwakani. Aliwaambia wote jioni ile kwamba mwanangu si mtihani tu, ni mtovu wa adabu, na mama yake ni mwehu.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu, hasira imenipanda mpaka kooni. Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa makini, akaniuliza kama ni kweli mtoto alimtazama mzee yule bila kuambiwa nitazame, mtu ambaye hakumjua. Nikasema ndiyo. Uso wake ukafurahi. Akaifuata karatasi ukutani, akachukua kalamu, akasema hayo ni maendeleo makubwa na lengo la kwanza sasa limetimia.

Nikamuuliza, "Wewe, huko kwenu, mtoto humtazama babu yake hivyo?"

Kalamu ikasimama. Nilimwona akiwa mtoto wa mtu, amesimama mbele ya mzee fulani huko kwao, macho chini.

"Hapana," akasema. "Hata kwetu hapana. Lakini kitabu ndivyo kinavyosema." Kisha akatia alama yake.

Sijamsamehe alama ile. Kosa lake ningeweza kumsamehe, kwa sababu lilikuwa langu pia, sote wawili tulilelewa tukajua na sote tukasahau. Alama alitia baada ya kukumbuka.

Mwanangu alipelekwa shamba kabla ya wiki kwisha. Nilimfungia nguo zake na sikugoma kupika. Nilikuwa nimempiga mbele ya watu.

Nilikwenda kumtazama mwezi uliofuata, nimejiandaa kukuta kamba. Hapakuwa na kamba. Nilimkuta ameketi chini ubavuni mwa shangazi, wote wawili wameelekea upande mmoja, wanamenya mihogo. Yule bibi alikuwa akimpa muhogo bila kumtazama na yeye aliupokea bila kutazama. Kipaji chake kilikuwa hakina uvimbe. Nikamuuliza bibi anamfanyaje akijitupa, anamfanyaje akijiuma. Akasema hamfanyi kitu. Akasema akishinda na kelele humwacha, akishinda na njaa humpa chakula. Nikamuuliza kama mtoto humtazama. Akashangaa, akaniambia yeye ana kazi, hana haja ya kutazamwa.

Nilimchukia. Nilisafiri kurudi nyumbani nikimchukia mwanamke yule kwa kitu ambacho hakumfanyia mwanangu, na nilimchukia miaka mingi, kwa sababu kila nilichokifanya mimi kilikuwa kazi ngumu na chake kilikuwa rahisi. Kwa bibi huyo mwanangu alikuja kujua kuchota maji, kulisha kuku, na kusema maneno machache anayoyahitaji. Alimfuata shambani amemshika kanga. Amekulia huko, na alipokufa yule bibi, mwanangu ndiye aliyelia kaburini kuliko sisi wote.

Sasa ni mtu mzima, ana ndevu. Huwapita watu na kazi zake, hamtazami mtu, na watu wa kule wamezoea na humsalimu hivyo hivyo. Ila mimi. Nikiingia uani kwake, hata awe ameshika jembe, huliweka chini. Hutafuta mahali pa kukaa, huketi akanielekea, huweka mikono mapajani, hunikazia macho, na kufungua kinywa kidogo. Nimemwambia mara ngapi aache. Nikimwambia aache, hunitazama zaidi.