Kibao cha Duka la Miwani

Hebu mfikirie akikata kona kuja huku. Ngazi iko bega la kushoto, mkono huohuo umeshika ndoo ya brashi inayobembea kwa kila hatua, na suruali ina madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa dukani. Anasalimia hata walio ghorofani. Sasa mwangalie mkono wa kulia. Hauna mzigo wowote, lakini haupungi. Umetulia ubavuni kama mgeni asiyewajua wenyeji.

Huyo ndiye Fundi Herufi. Jina alilopewa na wazazi wanalijua mkewe na ofisi ya vitambulisho tu. Kibao cha kinyozi, cha bucha, cha daktari wa meno, vyote vimetoka kwenye mkono huo huo unaouona umenuna.

Mambo yalianza kidogo kidogo, tena kwa vichekesho. Kwanza alianza kuzisifu rangi. "Viwanda vimestaarabika," alimwambia mkewe huku akikoroga kopo sebuleni. "Rangi za siku hizi hazinuki kabisa." Mkewe alikuwa amesimama dirishani, kanga puani, machozi yanamtoka.

Kisha likaja suala la bucha. Aliandika NYAMA SAFI YA NG'OMBE NA MBUZI, akashuka, akaangalia, moyo ukampasuka. NYAMA ilikuwa imejaa ubao. Ng'ombe alikuwa wa wastani. Mbuzi alikuwa amebanwa kule pembeni, unamsoma kwa kukunja uso. Kabla hajapata la kusema, mwenye bucha alishapiga makofi.

"Fundi, wewe ni noma! Ng'ombe mkubwa, mbuzi mdogo! Umewezaje kufikiria?"

"Usanii huo," akajibu Fundi Herufi, akaokota ndoo yake na kuondoka haraka. Wiki iliyofuata kinyozi naye akataka herufi zake ziwe "zinazopungua pungua," na mtindo ukashika mtaa mzima. Mwenye mtindo peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuukusudia.

Mkewe ndiye aliyemkokota hadi kwa daktari wa neva. Daktari alimtembeza, akamgongesha vidole, akampa karatasi aandike sentensi moja. Aliitazama ile sentensi ikisinyaa kuelekea mwisho, akaiweka mezani taratibu. Ugonjwa wa Parkinson, akasema. Akaandika dawa. Fundi alipouliza kwa nini yeye na si mwingine, daktari alianza kueleza habari za mitokondria, lakini foleni nje ilikuwa inakohoa, na mgonjwa mwingine akaitwa.

Bahati nzuri nyumbani kuna mwalimu wa baiolojia. Ni dada mdogo wa mkewe, na yeye na Fundi hawajawahi kuzungumza bila kuchokozana.

"Haya shemeji, nifundishe," Fundi akamwambia. "Ila usinichape."

"Nikikuchapa mkono huo, vibao utaandikia nini?" Akavuta kiti. "Sikiliza. Kila seli ya mwili wako ichukulie kama nyumba. Mitokondria ni majiko ya nyumba hiyo. Yanachoma chakula ulichokula kwa hewa uliyovuta, yanatoa nguvu. Bila majiko, nyumba imelala njaa."

"Hapo nakufuata."

"Sasa chini kabisa ya ubongo kuna kikundi kidogo cha seli, hata rangi yake ni nyeusi nyeusi."

"Hapo sasa ndipo umefika kazini kwangu."

"Tulia. Hizo zinatoa dopamini, kemikali inayofanya mwili usogee bila kubembelezwa. Seli moja ya hapo ina matawi mengi kupita kiasi, na kila tawi linadai nguvu saa zote. Majiko hayapumziki. Jiko likichoka linatoa moshi kuliko moto. Seli yenye afya hulitoa nje hilo bovu, ikaweka jipya. Ikishindwa, moshi unajaa, na mwisho nyumba inakufa. Zikifa nyingi, mkono unakuwa mzito, hatua zinafupika, herufi zinasinyaa. Na pua huanza kupoteza harufu kabla ya hayo yote."

Fundi akanusa hewa. "Kwa hiyo kwangu kunafuka moshi, na mimi harufu siisikii."

Shemeji alicheka mpaka akafuta macho, na si kila chozi lilikuwa la kicheko. "Ila nisikudanganye. Wataalamu bado wanabishana kama majiko ndiyo chanzo, au ni mambo mengi yamekutana. Na dawa uliyopewa haitengenezi majiko. Inaziba pengo la dopamini tu."

"Si hizi rangi zimeniponza?"

"Zipo kemikali zinazoumiza mitokondria, hasa baadhi ya dawa za kuua wadudu. Kama rangi zako nazo zimo, hakuna atakayekuapia."

Fundi akawaomba wote wawili, mke na shemeji, wafunge midomo. Binti yake alikuwa anafungua duka la miwani Jumamosi, na tangu binti yuko chuoni akijifunza kupima macho, baba mtu alishaahidi kwamba kibao ni chake. Upande wa mkwe, mume wa binti, walikuwa wamejitolea kuleta kibao cha plastiki cha kuchapishwa, chenye picha na taa. Binti akijua baba anaumwa, atakipokea kile cha plastiki kwa huruma. Fundi hakutaka kuhurumiwa. Alitaka kuandika.

Alhamisi akalaza ubao wa bluu juu ya stuli mbili katikati ya duka. Binti alikuwa amempa mgongo, anapanga fremu kwenye rafu. Fundi akavuta pumzi, akaanza: MIWANI YA KILA JICHO. M ilitoka imenenepa, imejaa raha. I nayo haikuwa mbaya. Kuanzia KILA mkono ukaanza kujikunja wenyewe, na kufika JICHO herufi zilikuwa za kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Binti akageuka. "Baba! Umenichorea chati ya kupimia macho!"

"Mtindo huo, mwanangu. Kaulize bucha."

Walicheka pamoja. Kisha binti akaacha kucheka kwanza. Kazi yake ni kutazama, na sasa alikuwa anautazama mkono.

"Baba, weka brashi chini. Nyoosha vidole."

Akanyoosha. Kidole gumba kilikuwa kinacheza taratibu, kama kinahesabu kitu. Hapo ndipo Fundi akamweleza yote: daktari, dopamini, majiko, moshi.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Mama mdogo?"

"Ndiye mwalimu wangu."

"Kwa hiyo kipofu ni mimi peke yangu, na mimi ndiye muuza miwani."

"Kachukue kile cha plastiki," Fundi akasema, macho yakiwa sakafuni. "Hakitakuaibisha."

Binti alichukua simu, akampigia mama mdogo wake, akaweka sauti ya juu, akamweleza herufi zinavyosinyaa.

"Mchoree mistari," sauti ikasema. "Mkono uliokuwa unajiendea kwa mazoea ndio umeishiwa nguvu. Lakini jicho likiona mahali pa kufika, ubongo hupita njia nyingine."

"Mistari?" Fundi akaruka. "Mistari ni ya wanafunzi! Kuna fundi mtaa wa pili nilimcheka kwa uzi wake wa chaki hadi akaacha kunisalimia!"

"Basi leo kamsalimie wewe," shemeji akasema, akakata simu.

Binti akapangusa ubao kwa mafuta ya taa mpaka bluu ikarudi. Akatafuta uzi, akaupaka chaki. "Shika huko, baba." Wakauvuta ukakaza, akaubana katikati, akauachia. Tap! Mstari mweupe. Mwingine juu yake. Halafu vijistari vya kusimama, kila herufi na chumba chake.

Fundi akaanza upya. Safari hii ilikuwa kazi, si mchezo. Kila akijisahau mkono ulisinyaa, na binti akawa anamwambia, "Juu, baba. Gusa juu." Akagusa juu, akagusa chini. Walishinda hapo, wakabishana kuhusu A, wakagombana kuhusu K. Lakini O ya mwisho ya JICHO iliposimama, ilikuwa imelingana bega kwa bega na M ya mwanzo, na Fundi akagundua kuwa amesahau hata kumeza mate.

Ijumaa rangi ikakauka. Mistari ya chaki bado ilionekana kati ya herufi, myeupe juu ya bluu, na fundi yeyote anayepita angejua maana yake. Kawaida ni kuifuta kwa kitambaa chenye maji. Mkewe akamletea kitambaa.

"Futa, baba watoto. Watu watasema."

"Iache," binti akasema. "Ni kazi yako kama herufi zenyewe. Mtu akiuliza, si utamwambia?"

Nje, mwenye bucha na kinyozi walishasimama na shingo zao ndefu, wanasubiri kibao kitoke. Fundi Herufi alikuwa amekishika kitambaa kwa mkono wa kulia. Kinatetemeka kidogo, matone yanadondoka sakafuni.

Ingekuwa wewe, ungefuta?