Siku Steringi Alipokufa Ujiji

Kuna kipindi Ujiji nzima, kuanzia sokoni hadi ufukweni, ilijua habari za sayari nyekundu kuliko ilivyojua habari za Kasulu. Ukimwuliza mtu gari la Kasulu linaondoka saa ngapi, alikuna kichwa. Ukimwuliza kule kwenye sayari nyekundu wanakula nini, alikujibu bila kupepesa macho: mihogo, na maharage kidogo msimu ukiwa mzuri. Habari zote hizo zilitoka kinywani mwa mtu mmoja, baba yangu mdogo, aliyekuwa na banda la video, televisheni yenye mgongo mkubwa kama wa kiboko, na maiki iliyozungushiwa selotepu hadi ikafanana na mguu uliovunjika.

Baba mdogo alikuwa mtafsiri. Iwe filamu ya Kizungu, ya Kichina au ya Kihindi, aliitafsiri papo hapo, amekaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, jasho linamtiririka. Sauti yake ilikuwa na uwezo wa kuvuka ziwa, kuamsha watu Kongo na kurudi na salamu zao. Na alikuwa na kanuni moja: haangalii filamu kabla. Alisema, "Nikiionja jikoni, mezani nitakaa na shibe." Kwa hiyo adui akijitokeza nyuma ya mlango, baba mdogo alishtuka pamoja na sisi, na kushtuka kwake ndiko kulikotufanya tuache nyumba zetu.

Sehemu ya kwanza ya ile filamu ilifika nikiwa bado navaa kaptula. Watu wa duniani wamekwenda kwa chombo hadi sayari ya vumbi jekundu, chombo kimenasa, na ili kinasuke lazima mtu mmoja abaki nje achomoe chuma kwa mkono. Steringi, yule shujaa wa filamu, akasema nabaki mimi. Ana mtoto wa kike mdogo, mle ndani ya chombo, analia huku amegandisha viganja kwenye kioo. Banda lilijaa siku hiyo hadi watu wanapumua kwa zamu. Chuma kikachomoka, mlango wa chombo ukafungwa, steringi yuko nje, vumbi linapanda, na hapohapo umeme ukakatika.

Wakati ule umeme wa Kigoma ulikuwa wa jenereta, nao ulikatika ulivyotaka. Lakini kukatika pale kulikuwa ni uonevu. Watu walipiga kelele, nadhani samaki walizama chini zaidi. Ndipo ikasikika sauti ya baba mdogo, gizani, bila maiki.

"Tulieni. Hajafa."

Kila aliyewahi kukaa kwenye banda la video anajua kwamba steringi hafi. Baba mdogo mwisho wa filamu hakuwa ameuona, lakini kanuni aliijua, akaifuata. Akatuambia kwamba vumbi lilipotulia steringi aliona pango, na ndani ya pango kulikuwa na wazee wa sayari ile, weusi tititi, wamekaa kwenye mikeka. Wakamsalimu, "Mwakeye!" Naye akaitikia. Banda likalipuka. Kiha chetu, kwenye sayari nyekundu! Wakampa maji kwenye kibuyu, wakampa jembe, wakampa kipande cha shamba. "Na sasa hivi ninavyosema nanyi," akamaliza baba mdogo, "analima. Anangoja chombo kirudi kumchukua. Mtakiona, sehemu ya pili."

Umeme uliporudi siku zilizofuata, watu walidai filamu irudiwe. Akairudia kila wiki. Lakini mlango wa chombo ulipofungwa tu, alizima televisheni kwa mkono wake, akamalizia kwa mdomo, na hakuna aliyelalamika, maana mwisho wa mdomo ulikuwa unaongezeka utamu. Safari hii wazee wana ng'ombe, safari ijayo kuna ziwa na samaki wetu wa migebuka. Kama aliwahi kukaa peke yake akaangalia zile dakika za mwisho, hakuniambia, nami sikumwuliza. Baadaye sidii ya filamu ile ikakwaruzika, ikafa.

Steringi hakufa. Miaka ikaenda, baba mdogo akipita sokoni watu wanamwita kutoka upande wa pili wa barabara: "DJ! Yule jamaa vipi?"

"Yupo! Anapalilia!"

Hata msibani walimwuliza. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mteja wa mstari wa mbele tangu banda lina paa la nyasi, alikuwa akimaliza kumpa mkono anamwinamia sikioni: "Chombo bado?" Naye anajibu kwa heshima zote: "Bado, mzee wangu. Kiko njiani." Sijui watu wengine wanaheshimiwa kwa nini. Baba yangu mdogo aliheshimiwa kwa sababu kuna mtu mmoja mbali sana alikuwa hai kwa neno lake.

Mimi nikakua, nikawa fundi rangi. Mchana napaka kuta za watu, jioni nakwenda shule ya usiku na rangi kwenye kope. Nilitoka na cheti na Kiingereza ambacho, kwa maoni yangu, Waingereza wenyewe wangekisikia wangeomba wafundishwe upya. Simu zikaja, vijana wakawa wanaangalia filamu kitandani. Bandani wakabaki watu wazima, na vijana wachache waliokuja kucheka. Baba mdogo hakujali. "Sehemu ya pili ikitoka," alisema, "watarudi wote, hadi waliohamia Dar."

Ikatoka.

Niliisikia kwanza kijiweni kwa bodaboda, watu karibu wachomane vispoku. Mmoja anasema hajaona filamu kama ile tangu azaliwe, ametokwa machozi hadi kofia ngumu ikaelea. Mwingine anasema ni upuuzi, ameunguza bando bure. "Miaka yote hiyo tunangoja, halafu wanatuletea binti anatembea jangwani saa nzima anaongea peke yake?"

"Hujaielewa wewe. Ile ni ya kufikiri."

"Nikitaka kufikiri si ningebaki shule?"

Nikauliza, "Na steringi?"

Wakatazamana. Yule wa machozi akasema, "Bro, steringi alishakufa zamani. Dakika za kwanza tu unaiona maiti."

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Nilimkuta ananing'iniza pazia jeusi bandani ili kesho yake, atakapoionyesha baada ya swala ya Alasiri, mwanga usiingie. Alikuwa ameoga, amenyoa, amebadilisha selotepu ya maiki. Amekuwa kijana kuliko mimi.

"Shikamoo, baba mdogo. Hii filamu, nimesikia kwamba..."

"Marahaba. Nyamaza."

"Kuna kitu ni vizuri ukijue kabla."

"Mwanangu, ishirini... sijui miaka mingapi nimeingoja mimi, unataka kuja kunitemea mezani? Toka. Kesho uwahi mstari wa mbele."

Nikatoka. Usiku ule sikupata hata lepe, na mimi ni mtu ambaye niliwahi kulala juu ya ngazi na brashi mkononi.

Walirudi kweli. Mama wa migebuka ya kukaanga alifunga meza yake akaja na kanga ya sherehe. Mstaafu wa reli alivaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba. Vijana wa bodaboda walijaa nyuma, wameshaiona, wamekuja kumwona DJ ataifanyaje. Baba mdogo akasimama, akagonga maiki.

"Mabibi na mabwana! Chombo kimefika!"

Makofi yale, nina hakika hata kijiji cha Mwamgongo, mbali kule ziwani, waliyasikia wakadhani radi.

Filamu ikaanza. Binti amekuwa mtu mzima, ameshuka na chombo kwenye sayari nyekundu, peke yake. Baba mdogo akamrukia kwa sauti nyembamba ya kike: "Baba! Baba, nimekuja! Uko shamba gani?" Watu wakacheka kwa furaha, mama wa migebuka akajifuta macho. Binti anatembea kwenye vumbi. Anafika pale pale chombo cha zamani kilipokuwa kimenasa. Na pale, hatua mbili tatu kutoka pale alipochomoa kile chuma, kuna nguo nyeupe ya safari imekaa, imeegemea jiwe.

"Ahaa," akasema baba mdogo. "Hilo koti lake. Kalivua, jua kali. Yeye kaenda kuteka maji."

Nyuma mtu akaguna. Binti akapiga magoti. Akafuta vumbi kwenye kioo cha kofia. Ndani kulikuwa na fuvu.

Nimeshuhudia ukimya mwingi, lakini ule ulikuwa na uzito, ungeweza kuupakia kwenye meli.  

"Mzee, hiyo ni mifupa!" akapaza sauti kijana mmoja. "Au nayo inapalilia?"

"DJ, mwulize fuvu mihogo imekomaa?"

Nyuma wakaangua kicheko. Mstaafu wa reli akageuka na koti lake la shaba. "Nyamazeni, wana wa nani nyie! Muacheni mtu afanye kazi." Kisha akamgeukia baba mdogo, sauti imeshuka, kama anaomba dawa. "Si mwenzake huyo? Eti, DJ? Mwenzake aliyekufa, si yeye?"

"Sema ni mwenzake!" akadakia mama wa migebuka. "Sema tu, mwanangu, tuendelee."

Kwenye televisheni yule binti alianza kuongea. Aliongea taratibu na mfululizo, amekishika kile kiganja kisicho na nyama. Baba mdogo akaweka maiki mapajani. Akaniinamia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia akiuliza:

"Anasema nini?"

"Baba mdogo..."

"Kweli kweli. Anasema nini?"

Nikamnong'oneza. Kwamba baba yake alikufa siku ile ile, kabla chombo hakijapaa vizuri. Kwamba mle ndani ya chombo wakubwa wote waliona. Ni yeye tu, kwa kuwa alikuwa mtoto, waliyemwambia baba yako yupo, ana mahali pa kukaa, anakungoja. Na yeye ujana wake wote ameumaliza akimtafutia chombo.

Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akainua maiki akayatafsiri yale maneno. Hakuongeza hata punje. Hakufanya sauti ya kike, hakufanya sauti yoyote. Alisoma kama karani anayesoma majina ya waliofeli. "Alikufa siku ile ile. Wakubwa wote waliona." Sentensi moja moja, hadi pale pa ujana, akasimama hapo.

Mama wa migebuka alianza kulia, kilio kamili cha msiba, kanga kichwani. Wengine walinyanyuka wakisema hii feki, imetengenezwa mtaani, ya kweli bado haijafika. Vijana kule nyuma, hilo nalo sikulitarajia, walipiga makofi. "DJ leo umetafsiri! Leo ndiyo kazi!" Walimaanisha sifa. Niliona kila kofi linavyomwingia, kwa kuwa maana yake ni kwamba siku nyingine zote haikuwa kazi.

Mstaafu wa reli ndiye aliyekaa muda mrefu zaidi. Alipoinuka alikuja hadi kwenye kigoda. Nilidhani atampa mkono. Akasema, "Ungenyamaza tu, bwana. Mimi nina umri gani? Ungeniacha niondoke naye." Akatoka akifunga vifungo vyake kimoja kimoja.

Filamu iliendelea hadi mwisho bila sauti ya mtu. Walioipenda walisema nje kwamba ina picha kali na inafundisha. Walioichukia walisema steringi gani anakufa nje ya mlango kama mwizi. Walibishana hadi Magharibi wakaenda kusali, wakatoka wakaendelea. Kwa siku chache Ujiji ilikuwa mitaa miwili, wa "filamu kali" na wa "tumeibiwa", na pande zote mbili zilikubaliana jambo moja tu: DJ alikuwa anatudanganya. Wa upande mmoja walilisema wakicheka. Wa upande wa pili hawakulisema kabisa, wakawa wanavuka barabara.

Tulirudi nyumbani pamoja jioni ile. Njiani aliniuliza yule binti alimfanyaje baba yake mwishoni. Nikamwambia alimchimbia kaburi kwa mikono, akamfukia, akaondoka.

"Alimlaza kuelekea upande gani? Kibla?"

"Baba mdogo, kule hakuna upande wa Kibla."

"Hapakosi," akasema. 

Banda amelikodisha. Siku hizi linaonyesha mpira, mtangazaji anatoka humo humo kwenye televisheni. Yeye anakaa barazani kwake na redio ambayo haiongei. Nimejaribu kila njia. Nimempelekea filamu za kivita, za majini, za watu wanaoruka. Anazipokea kwa mikono miwili, anaziweka dirishani. Kusema kweli mengi ya mdomo wangu nimeyatoa kwake. Nikimwambia mtu kwamba nimepaka ghorofa kwa brashi moja kabla chai haijapoa, hiyo ni sauti ya baba mdogo, mimi nimeirithi tu.

Wiki iliyopita nilikwenda nimejiandaa. Nikamwamkia, nikavuta mkeka, nikamwambia nimetoka ufukweni, kuna mgebuka amevuliwa upande wa Mwamgongo, urefu wake kama mtumbwi, amebebwa na wanaume wa kijiji kizima na mkia bado unaburuzwa majini. Nikamngoja. Zamani asingekubali kushindwa: angeniambia huyo alikuwa mtoto, mama yake amemeza boti ya abiria, na abiria wako salama tumboni wanakunywa chai.

Alinitazama kwa upole.

"Inawezekana," akasema, akageukia ukuta.

Nikakaa pale nikimtazama mgongo hadi mwadhini akaanza, nikamsaidia kuinuka.